Usiku Mmoja Ugenini: Msafiri Alale Wapi?

Majuzi alinijia ofisini mwalimu mmoja wa shule ya upili ambaye miaka kadhaa iliyopita alikuwa mwanafunzi wangu wa isimu. Alikuwa na furaha isiyofichika. Alikuwa amealikwa kuhudhuria warsha ya walimu wa lugha mjini Accra, nchini Ghana, na hiyo ndiyo ingekuwa safari yake ya kwanza ya kuvuka mpaka kwa ndege. Baada ya maamkizi na mazungumzo ya hapa na pale alitoa tiketi mkobani, akaiweka mezani, kisha akaniuliza swali ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, halikustahili kumpeleka mtu kwa mhadhiri.

"Daktari," alisema, "ndege inanifikisha Addis Ababa saa tatu usiku, na ile ya kunipeleka Accra inaondoka kesho yake saa mbili na nusu asubuhi. Sasa mimi usiku huo nitalala wapi?"

Sikumjibu papo hapo. Jina la mji huo lilinirejesha kwenye usiku wangu mwenyewe ambao sijausahau, na ambao nitausimulia punde. Lakini hata baada ya mwalimu yule kuondoka, swali lake lilibakia mezani pangu. Nilitambua kwamba walimu na wanafunzi wetu wengi wanaosafiri siku hizi kwenda masomoni, kwenye makongamano na hata kutafuta kazi Ughaibuni hukutana nalo, na aghalabu hulijibu kwa kubahatisha. Ndiposa nimeonelea leo nilijadili peupe, kwa faida ya wengi.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kiswahili hutofautisha kwa makini namna mwanadamu anavyoupitisha wakati mahali fulani. Akiupitisha mchana, tunasema ameshinda. Akiupitisha usiku, tunasema amelala, hata kama hakupata lepe la usingizi. Na akiupitisha usiku macho, tunasema amekesha. Msafiri aliyepitiwa na usiku baina ya ndege mbili hana budi kujiuliza kwanza ni kitenzi kipi kati ya hivi anachokwenda kukitenda. Wapo wanaolipa kwa ajili ya kulala, ilhali saa walizo nazo zinawaruhusu kukesha tu. Wapo pia wanaokesha juu ya kiti cha chuma, kumbe walikuwa na haki ya kulala kitandani.

Chukua pia neno malazi. Mzizi wake ni kulala, lakini halikutokana na kulala moja kwa moja, bali limetokana na kulaza. Kulaza ni kitenzi cha kumfanya mwingine alale. Kwa hivyo, ndani ya neno lenyewe mna watu wawili: anayelala na anayemlaza. Pasipo mwenyeji hapana malazi, pana mahali pa kulala tu. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hili, kwa sababu takriban maswali yote ya msafiri wa usiku mmoja hurudi kwenye swali hili moja: usiku huo, mwenyeji wako ni nani?

Mababu wa pwani yetu walilijua jibu. Katika enzi za majahazi, wafanyabiashara kutoka Uarabuni na Bara Hindi waliletwa na pepo za kaskazi, wakalazimika kungoja kusi iwarudishe kwao. Kungoja kwao kulikuwa kwa miezi, wala si kwa saa. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko aliyeizuru pwani hii mnamo mwaka 1331, alieleza desturi aliyoikuta Mogadishu. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa amebeba chakula kilichofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja chakula hicho na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hakulala kwingineko ila kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Anayejulikana mjini tangu zamani pekee ndiye aliyeweza kujiendea atakako.

Kutoka huko Ibn Battuta aliteremka kusini. Alipofika Mombasa alikaa usiku mmoja tu, kisha akashika njia ya Kilwa. Usiku mmoja! Hata hivyo, katika maandishi yake alitaja ndizi na malimau ya kisiwa kile, samaki walioliwa na wenyeji, misikiti yao iliyojengwa kwa mbao, na desturi ya watu kunawa miguu kwenye visima vya mlangoni kabla ya kuingia kuswali. Usiku mmoja uliotumiwa vyema ulitosha kuuweka mji katika kumbukumbu za dunia kwa karne saba. Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba mtafiti hapimwi kwa wingi wa siku alizokaa mahali, bali kwa macho aliyokwenda nayo.

Lakini Ibn Battuta hakuulizwa viza, wala hakukabiliwa na tiketi yenye nambari zisizosamehe. Msafiri wa leo huulizwa, na hukabiliwa. Kwa hivyo, kabla ya kutazama bei ya chumba, na ajiulize maswali manne.

Swali la kwanza ni hili: tiketi yako ni moja au ni mbili? Hapa simaanishi idadi ya karatasi, bali mkataba. Iwapo safari yako yote, tangu Nairobi hadi mwisho, imeandikwa katika tiketi moja, basi shirika la ndege limejifunga kukufikisha. Ukicheleweshwa na ndege ya kwanza hata ya pili ikakupita, ni juu yao kukutafutia nyingine. Isitoshe, baadhi ya mashirika yanayounganisha safari zao katika miji kama Addis Ababa, Doha na Istanbul huwalaza bure abiria ambao ratiba ya shirika lenyewe imewalazimisha kungoja muda mrefu, almuradi hapakuwa na ndege nyingine ya mapema ya kuwaunganisha. Masharti hutofautiana na hubadilika, na mara nyingi hakuna atakayekuja kukuambia. Sharti uulize siku unapoinunua tiketi, si usiku unapofika umechoka.

Lakini ukinunua tiketi mbili mbalimbali kwa kuwa jumla yake ni rahisi, basi baina ya tiketi hizo mbili huna mwenyeji. Shirika la kwanza limemaliza kazi yake ulipotua, na la pili halikujui mpaka utakapojitokeza mbele ya meza yao kwa wakati. Usiku ulio kati ni wako peke yako. Mzigo wako pia huenda ukalazimika kuutoa na kuukabidhi upya. Urahisi wa bei, basi, uupime pamoja na gharama ya chumba, teksi na wasiwasi.

Hali ni tofauti pale ambapo hukupanga kulala, bali umelazwa na kuahirishwa kwa safari. Sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 261 ya mwaka 2004, kwa mfano, inalitaka shirika lililofuta au kuchelewesha ndege hadi abiria akalazimika kulala, limpe chakula, hoteli na usafiri wa kwenda na kurudi hotelini. Inamlinda kila anayeondokea katika uwanja wa nchi za Umoja huo, awe ni Mjerumani au ni Mkenya wa Kakamega, pamoja na anayeelekea huko kwa shirika la Umoja huo. Nimewaona wenzetu wakijikunyata sakafuni kwa aibu ya kuuliza, huku abiria wengine wakipanda basi la kwenda hotelini. Kuuliza haki si kuomba sadaka.

Swali la pili: pasipoti yako inakuruhusu kutoka? Hili ni swali ambalo vitabu vingi vya wasafiri haviliulizi, kwa sababu viliandikiwa watu wenye pasipoti za nchi nyingine. Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia, wala haihitaji anapolala Entebbe, Kigali au Dar es Salaam, chini ya mapatano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini akipitia Amsterdam, Paris au Frankfurt bila viza ya eneo la Schengen, mlango wa kutokea mjini umefungwa, na hoteli nzuri iliyo ng'ambo ya barabara ni picha tu kwake. Nchini Marekani hali ni ngumu zaidi. Utaratibu wa kupita bila viza ulisitishwa mwaka 2003, na tangu hapo hata anayebadilisha ndege tu sharti awe na viza.

Asiyeweza kutoka hajakosa kila kitu. Viwanja vikubwa kama vile vya Dubai, Doha, Istanbul na Amsterdam vina vyumba vya kulala ndani ya eneo la wapitao, ambavyo havimhitaji mtu kuvuka meza ya uhamiaji, na baadhi yake hukodishwa kwa saa. Ni ghali ukilinganisha na ukubwa wake, na hujaa upesi. Anayekusudia kuvitumia na aagize mapema, tena ahakikishe kwamba chumba hicho kweli kiko upande wa ndani. Wapo walioagiza hoteli iliyotajwa kuwa "uwanjani", kumbe iko nje ya uhamiaji, na pesa zikapotea.

Tusiyachukulie haya kuwa mambo madogo. Mehran Karimi Nasseri, mzaliwa wa Irani, alikaa katika uwanja wa Charles de Gaulle jijini Paris tangu mwaka 1988 hadi 2006 kwa ajili ya mkanganyo wa hati, na akafariki papo hapo uwanjani mwaka 2022. Hapa kwetu, kati ya mwaka 2004 na 2005, mtu mmoja mzaliwa wa Kenya aliyekuwa na pasipoti ya Uingereza ya raia wa ng'ambo, isiyompa haki ya kuishi huko, aliishi katika uwanja wa Jomo Kenyatta kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hao ni watu waliokosa wa kuwalaza. Wengi wetu hatutafika huko, lakini wazo ni lile lile: karatasi ndiyo inayoamua kwanza, mkoba wa pesa hufuata.

Swali la tatu ni la hesabu: baada ya kutoa, unabaki na saa ngapi? Msafiri huona saa kumi na mbili baina ya ndege mbili, akadhani ana usiku mzima. Na tutoe pamoja. Saa moja ya uhamiaji na mizigo. Dakika 45 za njiani. Nusu saa ya kujiandikisha na kuoga. Asubuhi, nusu saa ya kujitayarisha, na dakika 45 nyingine za njiani. Kisha kuwapo uwanjani saa tatu kabla ya kuondoka. Jumla ni saa sita na nusu. Usingizi uliobaki ni saa tano na nusu. Aliyekuwa na saa tisa baina ya ndege zake atabaki na saa mbili na nusu, nazo atazilipia kama usiku kamili.

Kutokana na hesabu hii nimejiwekea kanuni yangu. Chini ya saa nane, hubaki uwanjani. Kati ya saa nane na kumi na mbili, hutafuta chumba ndani ya uwanja au jirani yake kabisa. Zaidi ya hapo ndipo ninapoanza kuufikiria mji. Na hata hapo, hutazama umbali kabla ya kutazama sifa. Uwanja wa Entebbe uko takriban kilomita 40 kutoka Kampala. Mwenye usiku mmoja na alale Entebbe penyewe, aiache Kampala kwa safari nyingine. Uwanja wa Bole, kwa upande mwingine, umo ndani ya jiji la Addis Ababa.

Kanuni hii inawahusu pia wale ambao usiku wao wa mpito ni hapa Nairobi. Mwalimu anayetoka Lodwar, Kisii au Lamu kuwahi ndege ya alfajiri hulala Nairobi apende asipende. Wengi hukimbilia katikati ya jiji kwa mazoea, au huenda kwa jamaa Kangemi au Kikuyu, wakasahau kwamba uwanja uko upande wa pili. Ni kweli kwamba barabara ya juu ya kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, imepunguza adha ya Mombasa Road kwa mwenye kumudu ada yake. Hata hivyo, anayeshuka treni ya kutoka Mombasa pale Syokimau tayari yuko jirani na uwanja. Kwa nini aingie jijini usiku ili atoke tena alfajiri? Nyumba za wageni za Syokimau, Mlolongo na Embakasi zipo za kila bei. Ila na aangalie maandishi ya ubao, kwa kuwa huku kwetu neno hoteli mara nyingi ni pahali pa chai na mandazi, na anayetaka kitanda huulizia lojing. Mgeni kutoka nje asiyelijua hilo huingia hotelini na begi lake, akaulizwa kama atakula wali au ugali.

Kuhusu kulala kwa jamaa, sisemi kwamba tuiache desturi hiyo. Lakini tuitafakari. Mwenyeji wako wa mjini, au binamu yako anayefanya kazi Ughuba, huenda anaishi chumba kimoja na wenzake, huenda haruhusiwi na mwajiri wake kupokea wageni, na huenda anaamka kabla ya jogoo. Wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walimfikiria mgeni atakayekuwapo ya tatu asaidie. Mgeni wa usiku mmoja anayebisha saa sita usiku na kuondoka saa kumi alfajiri humpa mwenyeji wake gharama ya ugeni bila mazungumzo yake. Wakati mwingine heshima ni kumpigia simu tu na kumwambia: nimepita mjini kwenu, nitakuja siku yenye nafasi.

Swali la nne ndilo lililonigharimu, nalo ni hili: saa na tarehe umezisoma kwa lugha gani?

Mwaka 2014 nilikuwa Ulaya kwa shughuli za utafiti nilipopata habari kwamba baba yangu mzazi amefariki. Mazishi yalipangwa kufanyika Jumamosi, nyumbani kwetu Murang'a. Kwa haraka na kwa uchache wa fedha, nilinunua tiketi mbili mbalimbali, moja ya kunifikisha Addis Ababa Ijumaa usiku, ya pili ya kunitoa huko Jumamosi saa moja na nusu asubuhi. Ningetua Nairobi kabla ya saa nne na kufika nyumbani mapema mchana. Kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili, hapakuwa na wa kunilaza. Nilichagua nyumba ndogo ya wageni mbali na uwanja, upande wa Piazza, kwa sababu ilikuwa nafuu.

Dereva wa teksi aliyenifikisha alikuwa mtu mpole. Tulizungumza kwa Kiingereza, nami nikamwomba anirudie asubuhi. Nilimtajia nambari nne kwa Kiingereza, nikakazia kwamba ni asubuhi. Aliitikia kwa furaha, akairudia nambari hiyo na neno asubuhi, tukaagana.

Saa kumi alfajiri nilikuwa langoni na begi langu. Baridi ya mji ule ulio kwenye nyanda za juu ilikuwa kali. Dereva hakuja. Saa kumi na moja hakuja. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mlinzi wa lango alinihurumia lakini hatukuelewana lugha. Nilitembea hadi barabara kuu, na nilipopata gari ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Nilipofika uwanjani meza ilikuwa imefungwa. Ndege ilikuwa bado iko pale, lakini si kwa ajili yangu.

Nilipata nafasi katika ndege ya usiku, kwa tiketi mpya. Nikarudi kwenye nyumba ile ya wageni kungoja. Saa nne kamili asubuhi, wakati ambapo nyumbani watu walikuwa wakikusanyika, gari liliingia langoni. Alikuwa ni dereva wangu. Alikuwa amevaa vizuri, amewahi, na alishangaa kunikuta nimeketi kama mfiwa kwenye ngazi. Alinionyesha saa yake: nne, asubuhi. Ndivyo tulivyopatana.

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Waethiopia huhesabu saa kama sisi. Siku yao huanza jua linapochomoza, na saa ya kwanza ya mchana ni ile tuiitayo saa moja asubuhi. Kwao, nne ya asubuhi ni saa nne ya asubuhi, hiyo hiyo tunayoijua tangu tukiwa watoto. Laiti ningemtajia nambari ambayo Kiswahili changu hunipa, yaani kumi ya alfajiri, angenielewa barabara. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, mzawa wa ukanda ambao saa yake ni moja na ya dereva yule, niliazima saa ya watu wengine kuzungumza na jirani yangu, na katika kuazima huko nikamkosa baba.

Nilifika nyumbani Jumapili asubuhi. Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa juu kwa juu tayari kuchukuliwa, na udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Mama hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nimekula.

Nimesimulia haya si kwa kumlaumu dereva, ambaye hakukosea, bali kuwaonya wanaosafiri. Saa ya tiketi ina tarakimu 24 na hufuata saa za mahali ndege ilipo. Saa ya mdomo ni ya jamii. Unapopanga kuchukuliwa, iandike saa hiyo kwa tarakimu za tiketi, mwonyeshe mwenzako, kisha muulize ni saa ngapi kabla au baada ya jua kuchomoza. Jua halina lugha.

Tarehe nayo ina mtego wake. Katika hesabu ya jadi ya Waswahili siku huanza jua linapotua, usiku ukautangulia mchana wake. Ndiyo maana Waislamu huswali tarawehe usiku kabla ya kufunga siku ya kwanza ya Ramadhani, kwani usiku ule tayari ni wa mwezi mpya. Ndiyo maana pia magazeti yetu husema usiku wa kuamkia Jumamosi, ili pasiwe na shaka. Tiketi huigeuza siku saa sita usiku. Hoteli nayo huihesabu siku tangu alasiri, wageni wanapopokewa. Kwa hivyo, msafiri anayetua dakika 40 baada ya saa sita usiku, tarehe 12, akiagiza chumba cha tarehe 12, ataambiwa arudi alasiri. Usiku anaouhitaji, kwa hesabu ya hoteli, ni wa tarehe 11. Na yule ambaye ndege yake inaondoka nusu saa baada ya saa sita usiku wa tarehe 12, akienda uwanjani jioni ya tarehe hiyo, atakuwa amechelewa kwa takriban siku nzima. Maneno yetu, usiku wa kuamkia, yangewaokoa wote wawili kama wangeyatumia.

Mwalimu wa darasa la chini anapofundisha saa, basi, asione kwamba anafundisha jambo la kitoto. Amfundishe mtoto kwamba saa ya Kiswahili si makosa yanayosubiri kusahihishwa na Kiingereza, bali ni utaratibu kamili wenye mantiki yake, unaotumiwa na mamilioni ya watu tangu pwani yetu hadi nyanda za Ethiopia. Kisha amfundishe kuvuka kutoka utaratibu mmoja hadi mwingine bila kupotea. Anayezijua saa zote mbili ana usalama kuliko anayeijua moja na kuidharau nyingine.

Yapo pia mengine madogo. Mzigo mkubwa ukikabidhiwa hadi mwisho wa safari hutauona usiku huo. Beba dawa zako, nguo ya kubadilisha na sweta katika begi la mkononi. Anayesafiri peke yake, hasa mwanamke anayetua usiku wa manane, asiichague nyumba kwa bei tu. Ahakikishe ina mtu wa mapokezi usiku kucha na gari lake lenyewe la kumchukua uwanjani, na awaachie walio nyumbani jina na anwani ya mahali pale. Pesa zilizookolewa kwa kulala kichochoroni si akiba.

Turudi kwa mwalimu wetu wa Accra. Nilipomweleza haya, tuliitazama tiketi yake pamoja. Ilikuwa moja, tangu Nairobi hadi mwisho, na muda wake wa kungoja ulikuwa saa kumi na moja na nusu, uliolazimishwa na ratiba ya shirika lenyewe. Nilimshauri apige simu. Alipiga papo hapo ofisini pangu, akajibiwa kwamba ataandaliwa chumba, chakula cha jioni na usafiri wa kwenda na kurudi, ilimradi aombe kabla ya siku ya safari. Alikuwa ameshaweka kando shilingi elfu kadhaa za chumba, fedha alizozikopa katika chama cha walimu.

"Kwa hiyo, Daktari, ninaye wa kunilaza," alisema akicheka.

Nilimjibu kwamba ndiyo, anaye. Kisha nikampa kazi ya nyumbani, kama zamani. Mjini Accra atakutana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghana kule Legon, ambako Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi. Lakini kabla ya hapo, usiku wake Addis Ababa, kabla hajazima taa, na amuulize mtu wa mapokezi swali moja kwa ukamilifu: ndege yangu inaondoka saa mbili na nusu baada ya jua kuchomoza, ninyi saa hiyo mnaiitaje? Aliandike jibu daftarini. Halafu alale.

Alinipigia simu kutoka Accra siku ya pili yake. Alikuwa amefika salama. Mtu wa mapokezi, alisema, alimtazama kwa mshangao, akatabasamu, akamjibu kwa kuinua vidole viwili na kukikunja cha tatu nusu. Mbili na nusu. Kama kwetu.